Kiota kwenye mvule: kisa cha tai wa msituni na mbuzi watano, Lindi

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi na vijiji vilivyopakana na misitu huku kusini, bwana misitu na bibi misitu, wanakamati wa maliasili, na vijana wanaojitolea. Kijiji sikitaji, watu siwataji, mwaka nao nimeuacha, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mtu aseme "aah huyu ni fulani" nimevitoa. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na tuliyoyaharibu sisi wenyewe, na tuliyaharibu kweli.

Eneo lilivyo

Ukitoka Lindi mjini ukaanza kupanda kuelekea bara unakutana na vilima vyenye migongo bapa, Rondo, Noto na wenzao, na ukivuka kwenda Mtwara kuna uwanda wa Makonde wenyewe kule Newala. Rondo inapita mita 800 kutoka usawa wa bahari, sio mlima mrefu wa kupigwa picha kama Usambara au Uluguru, ila kule juu asubuhi kuna ukungu na baridi ambavyo bondeni hamna, na ndo maana msitu wake uko tofauti na pori la chini. Kuna wanyama ambao wanasayansi wanavuka bahari kuja kuwatafuta, komba wa Rondo kwa mfano, kamnyama ka usiku kenye gramu 60 tu hivi, kako hatarini kutoweka.

Msitu huo umeumizwa zamani. Enzi za mkoloni, hasa miaka ya 1940 na 1950, mvule zilikatwa huko kwa wingi sana, baadaye sehemu nyingine zikapandwa misaji na misonobari. Mvule zilizobaki nyingi zimesimama moja moja, pembeni ya msitu au katikati ya mashamba ya watu. Hii itakuja kuwa muhimu mbele kwa sababu tai ninayemzungumzia anataka mti mkubwa wenye panda nene juu kabisa, na siku hizi miti ya namna hiyo ndo hiyo hiyo ambayo mtu wa mbao anaitaka.

Kijiji chenyewe kinalima ufuta, korosho, mihogo, mbaazi na mahindi kidogo. Mbuzi wapo ila sio wengi, mtu ana watano, ana nane. Kina msitu wa kijiji na kamati ya maliasili inayofanya kazi, sio ya kwenye karatasi.

Tai mwenyewe ni nani

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nusu ya matatizo yote ya kisa hiki yametokana na watu kutomjua ndege, na mimi nikiwemo.

Kwetu tai ni jina la wengi. Mtu akiona kitu kikubwa kinazunguka juu anasema tai, na kuna wanaomwita hata tumbusi tai. Huyu wa msituni wanasayansi wanamwita Stephanoaetus coronatus, ana kishungi kichwani kinachosimama akikasirika, mgongo mweusi wa kijivujivu, kifua na tumbo vina mabaka meusi na ya kahawia, mabawa mafupi mapana na mkia mrefu wenye mistari, yaani ameumbwa kupita katikati ya miti. Jike anaweza kufika kilo 4 na zaidi. Chakula chake ni kima, tumbili, pimbi, paa wadogo. Makucha yake ni mazito kuliko unavyofikiria mpaka uyaone karibu.

Na uzazi wake ni wa taratibu mno. Anataga yai moja au mawili, anaatamia kama siku 50, na hata yakianguliwa mawili kinda mkubwa humuua mdogo, kwahiyo anayebaki ni mmoja. Huyo mmoja anakaa kiotani karibu miezi minne ndipo aruke, na akisharuka bado analishwa na wazazi miezi tisa mpaka kumi na moja. Ukipiga hesabu unaona jozi moja ya tai inatoa mtoto mmoja kwa miaka miwili, na huyo mtoto kukua hadi kuzaa ni miaka mingine. Kuku anaangua kumi kwa mwezi. Ukiua tai mmoja umefuta miaka.

Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, huyu yuko kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Wenzake wa uwanda wa wazi wako pabaya zaidi, kipungu na tai mkubwa mwenye madoa tumboni (Polemaetus bellicosus) wote waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini mwaka 2020, na tumbusi wa mgongo mweupe yuko kwenye hatari kubwa kabisa tangu 2015, sababu kubwa mojawapo ikiwa sumu.

Ilivyoanza

Ilikuwa mwezi wa nane, ufuta umeshavunwa, watu wanaanza kufyeka mashamba mapya. Nikapigiwa simu na katibu wa kamati, akaniambia njoo haraka kuna kikao keshokutwa cha kupitisha muhtasari wa kukata mvule fulani, mti una kiota cha tai na tai anamaliza mbuzi. Nikauliza mbuzi wangapi, akasema watano. Nikapanda bodaboda siku inayofuata.

Nilipofika nilifanya kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, tukakaa, nikamweleza umuhimu wa yule ndege, na nikamwambia kwa uhakika kabisa kwamba tai wa msituni hali mbuzi, anakula kima. Nilisema hivyo bila kwenda kuangalia chini ya mti. Nilikuwa nimesoma kwamba chakula chake kikubwa ni kima na paa, na kichwani mwangu "chakula kikubwa" ikageuka "chakula pekee". Mwenyekiti akaniamini, jioni akaenda kuwaambia watu "bwana misitu amesema hali mbuzi."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kikao, nikaenda mtini na wanakamati wawili na kijana mmoja anayechunga. Kiota kilikuwa kwenye panda ya kwanza, kikubwa kama kitanda, kimejengwa kwa fito juu ya fito. Mzee wa kamati akasema kiota hicho anakijua tangu akiwa kijana, na hilo halikunishangaza kwa sababu tai hawa wanaongezea kiota kilekile miaka na miaka. Jike alikuwa ameatamia, tuliona mkia tu. Chini tukakuta mifupa, fuvu mbili za kima, mguu wa paa, manyoya ya pimbi. Na kwato moja ndogo ya mbuzi.

Yule kijana akaiokota akaniangalia, hakusema kitu. Ilipofika saa nne kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Kikao

Kikao kilikuwa kigumu na kilistahili kuwa kigumu. Aliyeongea kwa nguvu kuliko wote ni jamaa mmoja ambaye shamba lake jipya linapakana na ule mti, alisema mti ni hatari kwa mifugo na kwa watoto, ukatwe, kesi iishe. Muhtasari ulikuwa umeshaandikwa kabla hata watu hawajakaa, umeandikwa "mti hatarishi." Kwa wasiojua, mvule huwezi kuikata tu kwa sababu iko shambani kwako, inatakiwa kibali, na kibali kinaanzia kwenye muhtasari wa kijiji, ndipo uende wilayani. Kwahiyo ile karatasi ilikuwa ndo mlango.

Kijana mwingine akapendekeza njia fupi zaidi, watafute kuku wamtie dawa ya wadudu ile ya chengachenga waweke chini ya mti. Hapo niliogopa kweli. Sumu haichagui, ikimkosa tai itampata mbwa, itampata tumbusi, na mbwa akifia kisimani ni balaa la kijiji. Bahati nzuri wazee wenyewe walilikataa kabla sijafungua mdomo, mmoja alisema "we mwanangu, sumu ukiitega leo kesho atakula mjukuu wako."

Mimi nilisimama nikaomba radhi. Nikasema nilichosema jana sikukithibitisha, kwato tumeiona, tai amekula mbuzi angalau mmoja. Ukumbi ukatulia, sikujua kama ni utulivu mzuri au mbaya.

Alafu mama mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono. Akasema, "Mbuzi wanaosemwa ni wangu. Wote watano. Toka asubuhi mnabishana habari za mbuzi wangu na hakuna hata mmoja aliyenijia nyumbani kuniuliza." Alikuwa mjane, anasomesha wajukuu kwa wale mbuzi. Na aliyekuwa anataka mti ukatwe kwa ajili ya mbuzi, kumbe mwenyewe hakuwa na mbuzi hata mmoja.

Tuliyoamua na kwa nini

Tukaomba wiki mbili. Mwenyekiti akakubali kuuweka ule muhtasari kando bila kuusaini, na hapo namheshimu sana kwa sababu presha ilikuwepo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwenda kwa yule mama na kumsikiliza mbuzi mmoja baada ya mwingine. Tulikaa barazani kwake karibu nusu siku, mimi, katibu wa kamati na mjukuu wake anayechunga. Wa kwanza alipotea mchana pembeni ya msitu, umri wiki tatu, kijana alisikia kelele akakimbia hakukuta kitu, huyo tukakubaliana ni wa tai wa msituni na kwato ni yake. Wa pili alichukuliwa peupe kabisa kwenye shamba la ufuta lililovunwa, na mtoto alimwona ndege, nikamwambia nielezee, akasema tumbo jeupe lina vidoadoa, kifua cheusi, alitoka juu mbali. Huyo sio wa kwenye mvule. Huyo ni yule tai wa uwanda wa wazi mwenye madoa tumboni niliyemtaja hapo juu, ambaye hata kiota chake hatukijui kiko wapi. Wa tatu na wa nne walipotea usiku, usiku mmoja, wakakutwa wameraruliwa na hawakuliwa vizuri, nyayo zipo. Tai hawindi usiku. Mzee wa kamati alipoelezewa zile nyayo alinyamaza kidogo akasema ni mbwa, na sio mbwa wa porini. Wa tano hakuna anayejua, huenda wezi, huenda alizaliwa dhaifu akafia kichakani.

Kwahiyo hata ule mti ungekatwa, huyu mama angepona hasara ya mbuzi mmoja kati ya watano. Hilo ndilo lililobadilisha kila kitu, na lilitoka kwa mtoto wa miaka kumi na kitu aliyekuwa anaona vizuri, halikutoka kwangu.

Uamuzi wa pili, banda. Vitoto vya mbuzi chini ya miezi miwili vibaki nyumbani mchana kwenye kibanda cha fito kilichoezekwa makuti, mama zao wakirudi wananyonyesha. Usiku wote walale kwenye banda lililoinuliwa na mlango wenye komeo, hiyo kwa ajili ya mbwa. Vijana wa kamati walijenga kwa siku tatu. Tulichagua hivyo kwa sababu kinazuia wote, tai wa msituni, tai wa wazi, mbwa, na mwizi kidogo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa na ubishi, nao ni fidia. Kifuta jasho cha serikali kiliwekwa kwa wanyama kama tembo, simba na mamba, kwa hiyo njia hiyo haikuwepo. Mimi nilikataa kulipa pesa taslimu kutoka kwetu, nikihofia kila kuku akipotea tutaletewa bili. Kamati ikaja na wazo lake, kwenye mfuko wa kijiji kulikuwa na pesa za faini za mkaa haramu, wakanunua mbuzi jike mmoja mwenye mimba wakampa yule mama mbele ya mkutano, kwa mbuzi mmoja ambaye ushahidi wake upo. Wengine walilalamika. Yule mama hakusema maneno mengi, alisema "sasa mmenisikia."

Uamuzi wa nne, mti. Mkutano mkuu ulipitisha kwamba hatua mia mbili kuzunguka mvule hakuna kufyeka, kuchoma wala kupasua mbao mpaka kinda aruke. Jamaa wa shamba alikuwa ameshafyeka sehemu ya eneo hilo ila hajachoma, kijiji kikampa kipande kingine chenye ukubwa uleule upande wa pili. Alikubali kwa shingo upande, na namwelewa, kufyeka shamba jipya kwa panga sio kazi ya kuchezea. Vijana wakamsaidia kufyeka lile lingine siku mbili. Tukasafisha pia mkanda wa kuzuia moto upande wa upepo, maana mwezi wa kumi na kumi na moja huku kila mtu anachoma, na moto wa jirani hauulizi mpaka uko wapi.

Kilichofuata

Mwezi wa kumi tukaona jike anasimama badala ya kulala, dume analeta mawindo mara kwa mara, tukajua yai limeanguliwa. Mwezi wa kumi na moja moto ulikuja kweli kutoka kijiji cha jirani, ukafika kwenye mkanda ukafa. Watu waliokuwa wanaona ule mkanda ni kazi ya bure walikuja kuuangalia wenyewe, baadhi wakaomba tuwaonyeshe namna ya kufanya kwenye mikorosho yao.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza kinda likaruka. Kwa kweli tulifurahi, katibu alinitumia video kwenye WhatsApp inayotikisika kiasi kwamba huoni ndege, unasikia tu watoto wanapiga kelele "karuka karuka." Mbuzi wa yule mama hakuna aliyepotea muda wote huo. Mimi nikaandika ripoti nzuri.

Mwezi wa sita nikapigiwa simu nyingine. Kuna ndege mkubwa amenaswa na waya nyuma ya banda la kuku la kaya moja iliyo mbali kidogo na pale, amekufa. Nilipofika nikakuta ni mtoto wetu.

Na huyu aliyetega hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe hapa. Alikuwepo kwenye mkutano mkuu, alinyoosha mkono kukubali tai wa mvule alindwe, na alisaidia kusafisha mkanda wa moto. Alisema kwa uchungu kabisa, "yule wa mvule mimi namjua, ni mweusi ana kishungi, huyu ni mweupe." Na ni kweli. Mtoto wa tai wa msituni ana kichwa cheupe na kifua cheupe, hafanani na mzazi wake hata kidogo, hata waliozoea kuangalia ndege humchanganya na mtoto wa yule tai wa uwanda wa wazi. Inachukua miaka kadhaa ndipo apate rangi ya mkubwa. Na umri ule ndipo anapojifunza kuwinda, kima bado wanamshinda, kuku ni rahisi.

Katika vikao vyote vile, katika ile karatasi yenye picha tuliyobandika kwenye ofisi ya kijiji, tulionyesha mkubwa peke yake. Hakuna popote tulipomwonyesha mtoto. Tulimlinda kiotani miezi minne, alafu ile miezi mingine ambayo bado anamtegemea mzazi tukamwachia mwenyewe, bila kumwambia mtu yeyote anafananaje.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kusikiliza hasara moja moja. Watano walipokuwa "mbuzi watano" tai alikuwa na kesi ya kujibu ambayo hawezi kushinda. Walipogawanywa, kila mbuzi akapata mwizi wake na kila mwizi dawa yake. Tungeanza na hilo siku ya kwanza tusingehitaji hata kikao cha ugomvi. Na fomu zetu nyingi za kuripoti uharibifu zina sehemu ya kuandika idadi tu, hazina sehemu ya saa, mahali, wala nani aliona nini, hivyo zinatufundisha kuuliza vibaya. Mimi sasa natembea na daftari lenye maswali manne, saa ngapi, wapi, umri wa mnyama, na aliyeona aliona nini hasa, na swali la mwisho namuuliza mtoto anayechunga kabla sijamuuliza mtu mzima.

Banda limefanya kazi kuliko mahubiri yote. Halimtaki mtu ampende tai.

Hoja ya kima ilitusaidia ila nasema kwa tahadhari. Wakulima wa mahindi walisimama upande wetu mara mzee mmoja alipokumbusha kwamba kima wanaoharibu mahindi ndio chakula cha yule ndege. Ni kweli anawala, fuvu zilikuwepo pale. Lakini jozi moja ina eneo kubwa sana la kuwinda na haitamaliza kima wa shamba lako, mtu akikuahidi hivyo mwaka kesho kima wakija atakuita mwongo. Nilimsikia mwenzetu mmoja akienda mbali na hoja hiyo kwenye mkutano wa baadaye ikabidi nimrudishe, maana tayari nilishaonja matokeo ya kusema zaidi ya ninachojua.

Hapo nirudi kwenye lile kosa langu. Wengine waliniambia baadaye kwamba ningenyamaza habari ya kwato mambo yangekuwa mepesi. Sikubaliani. Yule kijana alikuwa ameiona, na kijiji kina macho mengi. Kilichotuokoa ni kwamba radhi ilikuja siku ileile kwato ilipoonekana, kabla neno langu la kwanza halijaota mizizi. Ila gharama ilikuwepo, wiki zile mbili zote mwenyekiti alikuwa anaulizwa "huyu bwana misitu wako amesema nini tena leo?", na aliibeba aibu ambayo haikuwa yake.

Kuhusu mvule na mbao. Sitaki kusema yule jamaa wa shamba alikuwa anadanganya kuhusu mbuzi, huenda aliamini kabisa. Lakini kesi ya ndege huku kwetu mara nyingi ina kesi nyingine chini yake, ya ardhi, ya mti, ya mpaka. Kama kuna muhtasari umeshaandikwa kabla ya kikao, uusome kwanza. Kumpa kipande kingine cha shamba kulikuwa na thamani kuliko kumshinda kwa kura, maana mtu aliyeshindwa kwa kura anabaki na msumeno.

Kwenye fidia nilikosea kwa upande mmoja. Hofu yangu ya bili ilikuwa ya kweli, lakini ilinifanya nimwone yule mama kama mlango wa gharama badala ya mtu aliyepoteza. Kamati ilijua namna ya kufanya, mnyama kwa mnyama, mbele ya watu, kwa ushahidi, kutoka mfuko wa kijiji chenyewe. Tangu siku ile yamekuja madai mawili tu, moja likakataliwa na mwenye dai akakubali, kwa sababu kila mtu alishaona kipimo kinavyopimwa.

Na kifo cha yule mtoto nakiweka juu yetu. Mpango wetu ulikuwa na tarehe ya mwisho "mpaka kinda aruke", yaani tuliuandikia kiota, tai mwenyewe tukamsahau. Wazo la kuzungumza na kaya zenye kuku halikutujia kabisa, tulikuwa tumeshika mbuzi tu. Kuna mtu aliniambia sio hasara kubwa kwa sababu wazazi, wakishampoteza mtoto, wanaweza kutaga mapema kuliko kama angekuwepo. Kutaga kweli wanaweza. Lakini mwaka mzima wa kazi ya wale wazazi wawili uliishia kwenye waya wa banda la kuku, na msitu una tai mmoja pungufu.

Hali ilivyo sasa

Ile karatasi ya ofisi ya kijiji tumeibadilisha, ina picha mbili pembeni kwa pembeni, mkubwa mweusi na mtoto mweupe, na imechorwa na mwalimu wa shule ya msingi hapohapo, sio ya kuchapishwa kutoka mbali. Watoto wanaochunga ndio walioletewa kwanza. Kaya nane zilizo karibu na msitu zimefunika sehemu ya uwanja wa kuku kwa matawi na nyavu za uvuvi zilizochakaa ambazo vijana walizifuata Lindi mjini, bado kaya kadhaa hazijafanya. Aliyetega ule waya ndiye anayezungukia kaya hizo, aliomba mwenyewe.

Kanuni ya hatua mia mbili imeandikwa upya, sasa haina "mpaka kinda aruke", inasimama mwaka wote muda wote ule mti umesimama. Ule muhtasari wa kwanza bado uko kwenye faili la ofisi, haujasainiwa, na yule jamaa wa shamba bado anauulizia kila mwaka.

Mwezi wa nane uliofuata yule mama alinipigia mwenyewe, mara ya kwanza kunipigia. Nilidhani mbuzi. Akaniambia, "Mwanangu, njoo uone, wale tai wako wanapandisha majani mabichi kwenye kiota." Nikamuuliza mbuzi wako wangapi sasa, akasema kumi na mmoja, alafu akaniambia nije na daftari langu maana kuna wakaguzi wa ufuta wamemwibia kilo mbili kwenye mizani na hilo nalo anataka liandikwe saa ngapi, wapi, na nani aliona.